Mkate wa Idi: Mapishi ya Sikukuu katika Historia ya Pwani Yetu

Tunapolitaja neno utamaduni, fikra za wengi wetu hukimbilia ngoma, ngonjera, vinyago na ngano za wazee. Hilo si ajabu. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kazi iliyolikabili taifa changa ilikuwa ni kuvirudishia heshima vitu hivyo hivyo ambavyo ukoloni ulivibeza. Shule zikafundisha ngoma, washairi wakatunga, vikundi vya sanaa vikazunguka mikoani. Lakini jikoni hapakuingiwa sana. Mwanafunzi aliweza kusoma miaka kumi na zaidi, akazijua tarehe za Vita vya Maji Maji na majina ya mito yote ya Bara hili, asisikie hata mara moja kwamba kipande cha mkate alichokila asubuhi ya Idi kina historia, na kwamba ndani ya historia hiyo mna safari, dhuluma, vita na jasho la watu, kama zilivyo historia nyingine.

Katika insha hii tunakusudia kuyatazama mapishi matamu ya sikukuu ya Pwani na Visiwani: mkate wa kumimina, mkate wa mayai, vileja, visheti, kaimati na wenzao. Tumeichagua Pwani kwa sababu ndiko tulikozaliwa, katika mji wa Tanga, na mtu huanza na kile alichokishika kwa mikono yake. Wenzetu wa Bara wana mapishi yao ya Krismasi na ya mavuno, na tungefurahi kuyasoma yakiandikwa na wenyewe. Wala tusidhaniwe kuwa tunasema mapishi haya ni mali ya Waislamu peke yao. Nani aliyekulia Tanga, Bagamoyo au Lindi ambaye hajapata kula kisheti cha Krismasi kilichotoka kwa jirani Mkristo?

Tuanze na mchele, maana ndio mama wa mapishi mengi tunayoyazungumzia. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba katika kisiwa cha Pemba mahali pawili, Tumbe na Chwaka, wakazichambua punje zilizoungua zilizobaki ardhini. Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, punje nyingi zilikuwa za uwele. Chwaka, uliofuata baadaye, kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliozidi. Basi watu walewale wa kisiwa kilekile, katika muda wa karne chache, walihama kutoka kwenye nafaka ya Afrika iliyowalea wakaingia katika nafaka iliyoletwa kwa bahari kutoka Asia. Kwa nini? Uwele hustahimili ukame, na mpunga hutaka maji na taabu. Mtu mwenye njaa hachagui mpunga. Wachunguzi wenyewe wanaona kuwa mpunga uliingia kama chakula cha karamu, chakula cha kumpa mgeni na kuonyesha uwezo wa mwenyeji, nasi twaona rai hiyo ina nguvu, kwa kuwa hata leo katika nyumba nyingi za vijijini ugali ni wa siku zote na wali ni wa siku maalumu.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika katika mwambao huu mwaka 1331. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa katika maziwa, tangawizi mbichi na ndimu za kutiwa chumvi. Mombasa alikuta watu wanakula ndizi na samaki, na nafaka yao ikiletwa kutoka mwambao wa pili. Miaka 167 baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Tunapenda msomaji aishike miwa hiyo akilini. Ilikuwako hapa kabla ya Mreno, na ilikuwa kitu cha kumpa mgeni. Ila muwa si sukari. Baina ya muwa uliotafunwa mwaka 1498 na sukari iliyomiminwa katika unga wa vileja kuna kisa kirefu, na sehemu yake moja si tamu.

Kabla ya kukifikia kisa hicho yafaa tuisikilize lugha, maana lugha ni shahidi asiyejua kusema uwongo. Sukari, samli, hamira, sinia, tanuri, halwa: maneno haya yote tuliyapata kwa Waarabu, na baadhi yao Waarabu nao waliyapata kwa wengine, kwani sukari asili yake ni Bara Hindi. Kaimati ni neno la Kiarabu lenye maana ya vitonge vidogo. Mkate wa ajemi unajitaja wenyewe kuwa ulitoka Uajemi, au angalau wapishi wake walipenda tuamini hivyo. Mtu wa haraka akisikia hayo atasema, basi mapishi haya si yetu. Tumeyasikia maneno hayo hata katika mikutano ya watu waliosoma. Lakini na asikilize upande wa pili. Andazi linatokana na kuandaa. Mkate wa kumimina, mkate wa kusukuma, kukuna nazi, kuchuja tui, kuumuka, kupalia makaa: vitendo vyote hivi ni vya Kibantu. Vitu vilikuja na majina yake, lakini kazi ilifanywa kwa lugha ya mpishi. Na mpishi alikuwa wa hapa.

Tena tui. Muarabu alikuja na samli na tende. Mhindi alikuja na iliki na tambi. Lakini aliyeuweka mchele katika tui la nazi, akautia utamu, akauumua na kuuoka, huyo ni mtu wa mwambao.

Hebu tuutazame mkate huo wa kumimina kwa makini, maana vijana wengi wanaula bila kuujua. Mchele huchaguliwa, ukaoshwa, ukarowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa na kusagwa. Zamani ulitwangwa katika kinu na kuchekechwa kwa ungo mpaka ukawa laini kama vumbi, na leo mashine ya umeme huumaliza kwa dakika mbili. Nazi hukunwa kwa mbuzi, chicha ikakamuliwa katika kifumbu, likatoka tui la kwanza, zito, jeupe. Unga, tui, sukari, iliki iliyopondwa na hamira huchanganywa vikaachwa mahali pa joto mpaka viumuke na kutoa mapovu. Wako wanaotia ute wa yai. Kabla hamira ya dukani haijaenea, baadhi ya nyumba zilitumia tembo la mnazi kuwa chachu, ingawa nyumba nyingine kwa ajili ya dini hazikulikaribisha hata mlangoni.

Kisha huja sehemu ya ustadi. Sufuria hupakwa samli na kutiwa moto, uji ule ukamiminwa kwa mara moja, ukafunikwa kwa bati au sinia, na makaa yakapaliwa juu. Chini moto mdogo, juu moto mwingi. Hapo hapana saa wala kipimo. Mpishi hunusa. Huinua bati kidogo kwa ncha ya kijiti, akatazama rangi, akalirudisha. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako. Wa juu ukipungua, uso hubaki mweupe kama wa mgonjwa. Sisi tuliozoea kuhesabu mizani za shairi tumewahi kustaajabu jinsi mwanamke asiyejua kusoma alivyoweza kushika vipimo sita kichwani, vya unga, tui, sukari, chachu, moto na wakati, asikosee katika sufuria ishirini za mkesha mmoja.

Vileja ni jamaa mwingine. Hivyo havina tui wala chachu: unga wa mchele, samli, sukari na iliki, vikakandwa kwa subira, vikaviringwa na kubonyezwa, vikaokwa kwa moto wa upole usiovibadili rangi. Kileja kizuri hakihitaji meno. Kikifika ulimini hubomoka. Tena hakiharibiki upesi, na ndiyo sababu kilikuwa mkate wa safari. Makopo ya vileja yalipakiwa katika majahazi na magari moshi, yakawafuata watoto walioajiriwa mbali na kwao. Visheti hukaangwa, vikatiwa katika shira ya moto na kugeuzwageuzwa mpaka sukari ikawagandia kama umande mweupe. Mkate wa mayai ulikuwa kazi ya watoto: kupiga mayai na sukari kwa zamu, mikono ikauma, mpaka povu likawa jeupe na zito. Halwa ni jambo la wanaume na masufuria makubwa ya shaba, kuikoroga kwa saa nyingi juu ya moto. Asili yake ni Omani, na mafundi wake wa Unguja na Pemba bado wanajulikana. Hiyo hununuliwa. Haipikwi nyumbani, kwa hiyo hatutaisemea zaidi.

Sasa turudi kwenye muwa wetu. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, mashamba ya mikarafuu yalienea visiwani, na katika bonde la mto Pangani yakaota mashamba ya miwa. Vinu vilisaga miwa, juisi ikachemshwa kuwa asali ya miwa na sukari guru, ikasafirishwa Unguja na kwingineko. Waliolima, waliokata, waliosimama mbele ya mapipa ya moto walikuwa watumwa. Hatuna haja ya kulipaka jambo hili rangi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika si kabla ya mwaka 1922. Kwa hiyo mikate mingi ya Idi iliyosifiwa katika karne ile ilitiwa utamu na watu ambao hawakuwa na idhini ya kuikataa kazi hiyo.

Ni nani aliyeyaandika mambo ya sikukuu za wakati huo? Wawili tunaweza kuwataja. Mmoja ni Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akahamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886. Ametueleza Ramadhani na Idi za jumba la kifalme, kupakwa hina na kugawiwa zawadi. Ni kitabu cha thamani, ila mwandishi wake aliyaona majiko akiwa juu ghorofani. Wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa huko Ujerumani mwaka 1903 na Carl Velten. Huyo aliandika kama mtu aliyekaa barazani miongoni mwa watu wake. Lakini mwanamke mtumwa aliyeutwanga mchele hakuandika, wala hakuulizwa. Mwalimu anayefundisha historia ya Pwani na awakumbushe wanafunzi wake pengo hilo.

Tena sikukuu haikuwa jambo la upole tu. Katika miji ya Mrima karamu ilikuwa uwanja wa kushindania cheo. Mkubwa alilisha watu ili waseme kuwa yeye ni mkubwa. Wadogo nao walidai wapewe nafasi katika shughuli ili waonekane kuwa ni watu wa mji. Pangani, mji wa miwa, ilisifika kwa mambo hayo. Kampuni ya Wajerumani ilipoanza kushika utawala wa miji ya mwambao mwezi wa Agosti mwaka 1888, siku hizo zilikuwa ndizo za Idi el-Haji. Mji ulikuwa umejaa watu, masinia yakiwa tayari, na dharau iliyoonyeshwa kwa bendera ya Sultani na kwa dini ya wenyeji ikawaangukia watu katika siku zao tukufu. Yaliyofuata yanajulikana: vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye naye alikuwa mwenye shamba la miwa Pangani, mpaka aliponyongwa Desemba mwaka 1889. Hatusemi kwamba vita vilitokana na mikate. Twasema tu kwamba anayeisoma vita hiyo bila kujua maana ya Idi katika mji wa Kiswahili atasoma nusu yake.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo ambalo kwetu sisi ni kiini cha somo hili, nalo ni sahani.

Kabla ya sala ya Idi ndogo, kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa cha nyumba yake, apewe maskini ili naye asikukuu. Hiyo ni faridha, na haina jibu: maskini haidaiwi pishi yake. Baada ya zaka huja desturi nyingine, ambayo haikuandikwa katika kitabu cha sheria. Watoto waliovaa nguo mpya hutumwa na sahani zilizofunikwa kwa kawa au kwa kitambaa cha kudarizi. Hupiga hodi, huamkia, “Shikamoo, bibi. Mama anakusalimuni, anasema mpokee hiki kidogo.” Bibi huitikia, huifunua sahani, huusifu mkate hata kama umeungua, akauhamishia katika chombo chake. Kisha, na hili ndilo la kuangaliwa, sahani hairudi tupu. Hutiwa kilichopo: visheti kwa mkate, tambi kwa vileja, na aliyeishiwa kabisa hutia hata sukari kidogo au embe. Mtoto hupewa sarafu ya sikukuu, naye hukimbilia viwanja vya bembea na pipi, kama vile Mnazi Mmoja kwa watoto wa Unguja.

Basi tuzipambanue zawadi mbili. Iko ile inayoshuka, ya mkubwa kwa mdogo, ya bwana kwa mtumwa wake, ambayo hairudishwi na haitazamiwi kurudishwa. Nayo humwacha mpokeaji mahali pale pale alipokuwa. Na iko ile inayokwenda upande na kurudi. Sahani inayorudi na kitu yasema kwamba mimi na wewe tu sawa. Kwa rai yetu, hapo ndipo mapinduzi makubwa ya jikoni yalipotokea. Utumwa ulipokwisha, watu waliokuwa wakipokea tu walijenga vyumba vyao Ng'ambo ya Unguja na katika mitaa ya miji ya Mrima, wakafanya kazi za ujira na biashara ndogo ndogo, wakanunua sufuria zao, nao wakaanza kupeleka sahani. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, kabla hajawa mwimbaji wa kusifika alikuwa akitembeza vyungu vya kuuza mjini. Wakati wanaume wanabishana barazani juu ya nani ni muungwana, wanawake walikuwa wakilikata shauri hilo kwa vileja.

Tusitie chumvi. Sahani haikufuta dharau zote, na ziko nyumba ambazo mlango wake haukufunguka kwa kila mtoto aliyebisha hodi. Na serikali za kikoloni hazikusaidia. Katika Vita Vikuu vya Pili, Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliozoea kuletwa Unguja kutoka huko ukakatika. Chakula kikagawiwa kwa vipimo, na ugawaji wenyewe ukawapanga watu kwa rangi na asili zao: nani apewe mchele, nani atosheke na muhogo na mtama. Mtu aliyesoma mapishi ya sikukuu tuliyoyataja ataona mara moja jeraha lililokuwamo humo. Mchele, uliokwisha kuwa heshima ya kila nyumba siku ya Idi, uligeuzwa kuwa cheti cha kabila. Wanawake walijibu kwa njia yao, wakaoka mikate ya unga wa muhogo na tui. Walipeleka sahani vile vile.

Sisi wenyewe tumeionja shida ya namna nyingine. Tulikuwa watoto katika miaka ya kwanza ya 1980. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na viwanda vya sukari vya nchi vilikosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia. Sukari, unga wa ngano, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya foleni. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya uhujumu uchumi, na magendo yakasakwa nyumba kwa nyumba; mtu mwenye magunia mawili ya sukari alilala macho wazi. Katika mtaa wetu tuliamshwa alfajiri twende kuweka mawe ya nafasi mbele ya duka, na saa nne mwenye duka alitoka akatwambia kuwa mgao umekwisha, ilhali kwa mlango wa nyuma tuliwaona wengine wakitoka na mifuko. Hatutamtaja; na pengine naye alikuwa na wakubwa wake.

Bibi yetu hakukubali kwamba Idi ipite bila mkate. Alipata sukari guru kwa watu wa shamba, akaiyeyusha katika tui, mkate ukatoka na rangi ya udongo mwekundu. Jirani yetu mmoja, mama Mkristo aliyetoka Upare, alikuja usiku wa mwandamo wa mwezi na kikombe cha sukari nyeupe ndani ya upande wa kanga. Ulikuwa mgao wake wa wiki. “Mama, tia hii kwa ajili ya wageni wako,” alisema, “sisi chai tutakunywa na ndizi.” Bibi akavitenga vyungu viwili, cha guru na cha sukari, na asubuhi akaukata mkate wa sukari vipande vyembamba kama kadi za posta ili utoshe sahani kumi na moja. Sahani ya kwanza ilikwenda kwa mama yule. Mwezi wa Desemba, mgao wa nyumba yetu ulivuka ua kwenda upande wa pili. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya umoja wa kitaifa siku hiyo, ingawa redio ilikuwa ikizungumza.

Kuanzia mwaka 1984 masharti ya biashara yalilegezwa, bidhaa zikarudi madukani, na tangu hapo sukari haijawa tena kitu cha kufichwa katika kanga, ila bei yake hupanda kila Ramadhani inapokaribia. Unga wa ngano umekuwa mwingi kupita ule wa mchele. Ngano nayo ina kisa chake: katika miaka ya 1970 serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano huko Basotu katika nyanda za Hanang, juu ya ardhi ya malisho ya Wabarbaig, ambao walilalamika na kushitaki kwa miaka mingi. Mashamba yale baadaye yalibinafsishwa, na leo ngano nyingi tunayoila huja kwa meli kutoka nje. Kwa hiyo kisheti cha leo, kama kileja cha mwaka 1880, kimebeba mambo ya watu wa mbali ambao mlaji hawajui.

Jikoni kwenyewe pamebadilika pia. Jiko la gesi na oveni ya umeme vimeingia, na kupalia makaa kumebaki kwa wachache. Hatuoni sababu ya kuililia seredani. Mama zetu walikohoa moshi wake miaka mingi, na misitu ya mikoko na ya nyika imelipa gharama ya makaa. Mkate wa kumimina unaookwa kwa oveni ni mkate wa kumimina. Linalotuhangaisha ni jingine. Wanawake wengi mijini sasa huoka kwa maagizo, na wateja huagiza kwa simu: kilo mbili za vileja, kilo tatu za visheti, sinia nne za mkate wa mayai. Hilo limewapatia riziki, na si dogo. Tunawajua waliosomesha watoto mpaka chuo kikuu kwa unga na iliki. Lakini nyumba zinazonunua zote kwa fundi mmoja hupelekeana kitu kimoja. Zamani ulipoifunua sahani ulimjua aliyeileta kabla ya kuambiwa: huyu huzidisha iliki, huyu huacha ukoko, yule mikate yake haiumuki na haitaumuka. Siku hizi sahani hazina saini.

Walimu wenzetu waliotuuliza nini kifanyike darasani tumewashauri jambo jepesi. Mwanafunzi na apewe daftari, aende kwa bibi yake au kwa bibi wa jirani, aandike jina la mkate mmoja, vifaa vyake kwa vipimo vya zamani vya kibaba, ratili na kikombe, na maneno ya vitendo vyake: kukanda, kuumua, kuchekecha, kupalia. Kisha aulize mkate huo ulipelekwa kwa nani, na sahani ilirudi na nini. Swali hilo la mwisho ndilo bibi atakalolijibu kwa kirefu. Tulipowajaribu vijana wa shule moja ya sekondari, wengi walileta mkate wa mayai na maandazi; wawili tu walileta vileja, na mmoja alileta mkate wa mofa wa mtama, uliookwa katika tanuri la udongo, ambao yeye mwenyewe hajapata kuula.

Nje ya nchi hali ni nyingine kidogo. Katika miji ya Omani, ambako jamaa wengi wa asili ya Unguja walirudi baada ya mwaka 1970, maandazi na vitumbua hupikwa na kuuzwa, na huitwa kwa majina yetu. Halwa ilikuja kwetu kwa jahazi. Andazi limekwenda kwao kwa ndege.